Kasoro za usoni mwa plastiki ya moldi: viongezo vinapokusanyika, kukosekana au kuhama

Kabla hujagusa joto la silinda (bomba la mashine linaloyeyushia plastiki), na kabla hujampigia simu muuza rangi kumlaumu, uliza kasoro ilionekana lini. Iliyoonekana kipande kikiwa bado cha moto mkononi imezaliwa ndani ya mashine: mchanganyiko mbovu, unyevu, mtiririko, joto la moldi. Iliyojitokeza baada ya siku au wiki ghalani ni ya kuhama, yaani kiongezo (kemikali iliyochanganywa kwenye plastiki) kimetoka chenyewe ndani ya plastiki iliyokwisha kuganda na kuja juu. Iliyotokea baada ya miezi juani ni ya kwisha: kinga iliyokuwa usoni imetumika au imetoroka. Mafundi wengi hupoteza zamu nzima wakipandisha na kushusha presha kwa tatizo ambalo mashine haina mkono nalo, kwa sababu swali hili halikuulizwa.

Uso hutengenezwa mara mbili

Mara ya kwanza ni wakati wa kujaza moldi. Plastiki iliyoyeyuka haitelezi ukutani. Inasonga kwa katikati, ikifika mbele inafunguka kuelekea kuta na kuganda hapo hapo, kama mkeka unaokunjuliwa sakafuni. Ngozi ya bidhaa basi imetokana na plastiki iliyokuwa katikati ya mkondo muda mfupi kabla. Inaganda ikiwa imenyooshwa, na chochote kilichokuwamo, iwe nyuzi za kioo, magamba ya metali au vidonge vya rangi visivyovunjika, kinanaswa kikiwa kimelala jinsi mkondo ulivyokilaza. Kilichonaswa hivyo hakihami tena.

Mara ya pili ni baada ya kuganda, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki. Hapa wahusika ni molekuli ndogo: vilainishi vya uso, vizuia umeme tuli, nta, baadhi ya vidhibiti vya mwanga. Plastiki ikiwa ya moto inamumunyisha viongezo hivi kwa wingi. Ikipoa, uwezo huo unashuka, na ziada inakosa mahali pa kukaa. Fuwele, yaani sehemu ambazo minyororo ya polima imejipanga, zinapojengeka zinazidi kukibana kiongezo kwenye sehemu zisizo na mpangilio, na njia pekee iliyobaki ni ya kwenda nje. Katika polipropilini na polietilini minyororo ya polima bado inacheza hata kwenye joto la chumba, hivyo njia hiyo iko wazi. Polistirini na polikaboneti kwenye joto hilo hilo zimekakamaa kama kioo, na safari inakuwa ya polepole mno. Ukisikia malalamiko ya utando mweupe, uwezekano mkubwa ni kwamba bidhaa ni ya polipropilini, polietilini, PVC laini au mpira.

Dalili: utando mweupe au wa mafuta, siku kadhaa baada ya uzalishaji

Hili ndilo tatizo linaloleta ubishi mwingi kuliko yote, kwa hiyo tulifanyie kazi taratibu. Chukua kifuniko cheusi cha polipropilini chenye ukungu mweupe. Kipanguse nusu kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukitoka na kuacha weusi safi, kuna kitu juu ya uso. Usipotoka hata kidogo, chunguza kama ni weupe wa mkazo: pini za kusukuma bidhaa zimeibonyeza, au imekunjwa, na plastiki yenyewe imefanya nyufa ndogo zinazotawanya mwanga. Weupe wa namna hiyo hukaa mahali pale pale kila kipande, mara nyingi ukiwa na umbo la pini.

Kitu kikiwa juu ya uso, pasha moto nusu nyingine kwa kikausha nywele. Nta na amidi (vilainishi vya uso vya kawaida) zinayeyuka, na nyingine zinarudi ndani ya plastiki, ukungu unapotea mbele ya macho yako. Kiweke kifuniko hicho kabatini. Kikirudisha ukungu baada ya siku chache, hukumu imeshatoka: ni kiongezo kinachohama. Lakini fanya jaribio la kupangusa kwanza, kwa kuwa weupe wa mkazo nao unaweza kufifia ukipashwa moto, na ukianza na joto utachanganya mambo mawili.

Kuna mtuhumiwa wa tatu ambaye husahaulika: dawa ya kupulizia moldi ili bidhaa ziachie. Mfanyakazi wa zamu ya usiku akipulizia silikoni kila baada ya dakika chache, uso utakuwa na mafuta hata kama mchanganyiko wako hauna dosari. Silikoni huonekana tangu mwanzo, haisubiri wiki, na haipotei kwa joto. Usimtafute mchawi kwenye masterbachi (punje za plastiki zilizobeba rangi au kiongezo kwa ukali) kabla hujajua nani anapulizia nini.

Ikithibitika ni kuhama, chanzo cha kawaida kabisa ni kipimo kilichozidi, na kwa kawaida kimezidi bila mtu yeyote kukusudia. Daraja la plastiki ulilonunua tayari lina kilainishi kutoka kiwandani. Masterbachi ya rangi nayo inacho, kwa kuwa mtengenezaji wake alikitumia kulowanisha unga wa rangi. Kisha mtu akaongeza masterbachi ya kilainishi ili vifuniko vifunguke kirahisi. Juu ya yote, mabaki yaliyosagwa yanayorudishwa kwenye hopa yana vyote vitatu. Kila mmoja amepima sawasawa, jumla ndiyo hakuna aliyeipiga. Kwenye filamu za polietilini kilainishi cha amidi hutumika kwa kiasi cha gramu 500 hadi 2,000 kwa tani, na vifuniko vya chupa vinaweza kuhitaji zaidi. Tofauti kati ya dozi inayofanya kazi na inayotoa ukungu si kubwa, hivyo omba karatasi za vipimo za kila malighafi na ujumlishe mwenyewe.

Aina ya amidi nayo ina maana. Oleamidi ni molekuli fupi, inafika usoni haraka, na bidhaa inateleza mapema. Erukamidi ni ndefu, inachelewa, lakini haitoki kwa mvuke kirahisi na inavumilia joto la usindikaji vizuri zaidi. Anayelalamika kwamba vifuniko "havitelezi" saa moja baada ya kutoka mashineni huku akitumia erukamidi analalamika mapema tu. Akiongeza dozi kwa haraka hiyo, wiki mbili baadaye atarudi na malalamiko ya ukungu. Tatizo moja limezalisha la pili, na lote lilikuwa suala la kusubiri.

Halafu kuna ghala. Joto lina pande mbili: linaharakisha safari ya kiongezo, lakini pia linaongeza uwezo wa plastiki kukimeza. Ndiyo sababu bidhaa inaweza kuwa safi wakati wa joto kali na kuota ukungu hali ya hewa ikipoa. Kushuka kwa joto kunaifanya plastiki itapike ilichokuwa imekimeza. Ukungu unaotokea kwenye maboksi ya nje ya paleti na si ya katikati unakuelekeza kwenye joto la ghala linalopanda na kushuka, wala si kwenye mapishi, yaani mchanganyiko wa plastiki na viongezo.

Marekebisho, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata: punguza jumla ya kiongezo, badilisha kwenda molekuli kubwa zaidi, angalia kama kalisi au zinki stearati imewekwa zaidi ya inavyohitajika, na mwisho kabisa cheza na joto la moldi. Moldi baridi sana hugandisha ngozi haraka ikiwa na fuwele chache, na kiongezo hupita humo kirahisi mwanzoni. Moldi ya joto zaidi hujenga fuwele nyingi. Athari hiyo ipo, ila ni ndogo ukiilinganisha na dozi, na anayeanza nayo anazunguka mbuyu.

Dalili: wino, rangi au gundi haishiki

Mara nyingi ni tatizo lile lile kabla halijaonekana kwa macho. Tabaka la amidi lisiloonekana kabisa linatosha kuifanya lebo ibanduke. Polipropilini na polietilini zenyewe zina mvuto mdogo wa uso, karibu milinyutoni 30 kwa mita, na wino kwa kawaida unataka 38 au zaidi, kwa hiyo hutibiwa kwa moto au kwa cheche za umeme kabla ya kuchapwa.

Pima kwa kalamu za majaribio ya uso mara tatu: mara tu baada ya kutibu, kesho yake, na wiki moja baadaye. Kipimo kikiwa chini tangu dakika ya kwanza, tiba yenyewe ni dhaifu au uso ulikuwa na silikoni. Kikiwa kizuri leo na kibaya kesho, viongezo vinahamia juu na kufunika kile ulichokitibu. Dawa ya hali ya pili ni ratiba: tibu na uchape siku ile ile, tena karibu na wakati wa kutoka mashineni. Kuongeza nguvu ya moto kutaunguza uso tu. Mahali pasipowezekana kuchapa mapema, ondoa kilainishi kwenye daraja hilo, na mteja aambiwe waziwazi kwamba hawezi kupata kifuniko kinachoteleza sana na lebo inayong'ang'ania sana juu ya uso huo huo.

Dalili: bidhaa inavuta vumbi ingawa ina kizuia umeme tuli

Hapa kasoro ni kinyume: kiongezo hakijafika, au kimefika na hakina maji. Gliseroli monostearati, inayojulikana kwa ufupi kama GMS, haipitishi umeme yenyewe. Inakaa usoni, inavuta unyevu wa hewa, na utando huo mwembamba wa maji ndio unaotorosha chaji. Hewa ikiwa kavu sana, GMS inakuwa nta isiyo na kazi. Kwa hiyo pima unyevu wa chumba kabla ya kuongeza dozi. Kama chumba kiko sawa, mpe kiongezo muda wa siku kadhaa. Kama bado, tafuta kinachokizuia njiani: unga wa talki, silika au masizi hunasa molekuli hizi juu ya chembe zake, na mapishi yenye vijazo vingi huhitaji kizuia tuli zaidi kuliko plastiki tupu. Kwenye chumba kikavu kudumu, acha kabisa viongezo vinavyohama na utumie polima inayopitisha umeme au masizi maalumu, kwa gharama na rangi yake.

Dalili: uchafu unajijenga kwenye moldi

Moldi inapoteza mng'ao, bidhaa zinatoka na mabaka yasiyong'aa, hasa mwisho wa mkondo na karibu na mianya ya kutolea hewa. Kwangua kidogo kwa kijiti cha mbao na uweke juu ya sahani ya moto yenye kipimajoto. Amidi zinayeyuka karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, chini kidogo kwa oleamidi. Zinki stearati inasubiri hadi karibu 120 au 130. Unga usioyeyuka hata kidogo ni kijazo, rangi isiyo ya kikaboni, au mabaki ya kizuia moto yaliyounguzwa. Kwa jaribio hilo la dakika tano unapunguza orodha ya washukiwa kwa zaidi ya nusu.

Kinachotokea ni kwamba sehemu nyepesi ya kiongezo inageuka mvuke mbele ya mkondo, inabanwa kwenye kona, na kuganda juu ya chuma baridi. Mianya ikiwa imeziba, mvuke hauna pa kwenda. Safisha mianya kwanza. Punguza kasi ya kujaza mwishoni mwa mkondo, kwa kuwa msuguano wa kasi hupasha plastiki joto ambalo kipimajoto cha silinda hakilioni. Kisha punguza joto la plastiki yenyewe na dozi. Kupandisha joto la moldi husaidia mvuke usigande, ila mzunguko utarefuka.

Dalili: michirizi au madoa ya rangi

Tenganisha mambo mawili ambayo kila mtu huyaita "haijachanganyika". Moja ni kusambaa: rangi imevunjika vizuri lakini haijagawanyika sawa. Lingine ni kuvunjika: vidonge vya unga wa rangi vimebaki vimeshikamana. Bana kipande kati ya mabamba mawili ya moto hadi kiwe filamu nyembamba, kiinue kwenye mwanga. Mawimbi ya kukolea na kufifia ni kusambaa. Nukta kali, zenye kingo, ni kuvunjika.

Nukta usizihangaikie kwenye mashine yako. Skrubu ya kawaida ya injeksheni, yenye urefu wa karibu mara 20 ya kipenyo chake, haina nguvu ya kuvunja vidonge vilivyoshindikana kwenye mashine ya kutengenezea masterbachi. Mrudishie aliyekuuzia, pamoja na ile filamu.

Kusambaa kunatibika. Presha ya nyuma (inayoizuia skrubu isirudi haraka inapoyeyusha) ipande kidogo kidogo, mzunguko wa skrubu urekebishwe, na kama bidhaa inaruhusu, nozeli ya kuchanganyia ifungwe. Angalia pia plastiki iliyobeba rangi: ikiwa nzito kuliko plastiki yako, inabaki kama nyuzi ndani ya mto unaokimbia. Inatakiwa itiririke kirahisi zaidi kuliko plastiki mama. Na jihadhari na masterbachi zinazouzwa kama za "plastiki zote". Ndani ya polipropilini zinapita. Ndani ya nailoni au polikaboneti mbebaji wake hakubaliani na plastiki, anasukumwa kando, na uso unaanza kubanduka kwa maganda membamba karibu na geti, tundu ambalo plastiki huingilia kwenye moldi. Ukiona maganda, hilo si tatizo la rangi tena, ni la mbebaji.

Kuna chanzo cha tofauti ya rangi kati ya kipande na kipande ambacho hakionekani kwa sababu ni hesabu tupu. Sema bidhaa ina gramu 10 na masterbachi ni asilimia 1. Hiyo ni gramu 0.1 ya rangi. Punje moja ya masterbachi ikiwa na miligramu 25, bidhaa moja inapata punje nne. Punje nne kwa wastani! Zamu nzima unategemea bahati kwamba kila dozi ya plastiki inayosukumwa moldini itaokota nne, na bahati haifanyi hivyo: mara itaokota mbili, mara sita. Silinda inasawazisha kiasi kwa sababu inabeba dozi kadhaa kwa pamoja, lakini si vya kutosha. Presha ya nyuma haitatatua jambo hili. Agiza masterbachi iliyopunguzwa ukali ili utumie asilimia 4 badala ya 1, au punje ndogo zaidi, au kipimio cha uzito badala ya kile cha ujazo. Wauzaji hupenda kuuza masterbachi kali kwa sababu kwa kilo ya bidhaa inaonekana rahisi. Kwa vipande vidogo ni rahisi inayokugharimu.

Dalili: michirizi ya fedha

Ni gesi iliyoburutwa juu ya ngozi. Swali ni gesi ya nini. Tapisha plastiki hewani, yaani isukume itoke nozelini bila kuingia kwenye moldi. Ikitoka na povu na milio ya kupasuka, ni maji. Polikaboneti inataka nyuzi 120 kwa saa 3 hadi 4 mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 0.02, ABS karibu nyuzi 80 kwa saa 2 hadi 4, nailoni chini ya asilimia 0.2. Watu hukausha plastiki mama kwa uangalifu, kisha humwagia juu yake masterbachi iliyokaa kwenye mfuko uliofunguliwa tangu mwezi uliopita. Masterbachi ya vijazo hasa hunyonya unyevu hata kama mbebaji wake ni polietilini.

Plastiki ikitoka laini bila povu, tafuta kiongezo kinachooza kwa joto. Linganisha ukubwa wa dozi moja ya plastiki inayosukumwa moldini na uwezo wa silinda: dozi iliyo chini ya asilimia 20 ya silinda inamaanisha plastiki inakaa humo muda mrefu mno, na rangi za kikaboni au vizuia moto vinaanza kutoa gesi ingawa joto lililoandikwa kwenye skrini ni sahihi. Hamishia moldi kwenye mashine ndogo.

Dalili: nyuzi za kioo zinaonekana usoni

Uso ni wa kijivu, mkwaruzo, hasa mbali na geti, na nailoni yenye asilimia 30 ya kioo ndiyo mgonjwa wa kawaida. Nyuzi hazijahama. Plastiki iliyozizunguka imeganda na kusinyaa kabla haijaweza kubandikwa vizuri kwenye chuma, na nyuzi zimebaki zimetokeza. Kwa hiyo unachotaka ni kuchelewesha ngozi kuganda: joto la moldi lipande, kwa nailoni 66 angalau nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi, jaza kwa kasi, na shikilia presha mapema na kwa nguvu. Mambo matatu hayo yakifanyika pamoja, kasoro nyingi za aina hii hupotea siku ile ile. Zisipopotea, kagua mianya ya hewa, kwa sababu hewa iliyobanwa inazuia uso kugusana na chuma.

Dalili: mstari mweusi kwenye rangi za metali

Pale mikondo miwili inapokutana baada ya kuzunguka tundu, magamba ya alumini yanageuzwa na kusimama ukingo juu. Hayarudishi mwanga tena, na jicho linaona mstari mweusi. Joto na kasi hulainisha mstari, haviufuti. Kinachousogeza ni geti: hamisha geti ili mikondo ikutane mahali pasipoonekana, au tumia mageti yanayofunguka kwa zamu ili mkondo wa pili usianze kabla wa kwanza haujapita. Magamba manene na ya mviringo zaidi hayapinduki kwa ukali kama membamba. Kama mteja ameshachora bidhaa yenye matundu mengi na anataka rangi ya fedha bila mstari, mwonyeshe sampuli kabla moldi haijachongwa, maana baada ya hapo kila suluhisho ni la kuchonga upya.

Dalili: unjano ghalani, bila jua

Bidhaa nyeupe zimekuwa njano upande unaoelekea njia ya foklifti, na katikati ya paleti ni nyeupe kama zilivyotoka. Vizuia oksidisho vya jamii ya fenoli, BHT hasa, hugusana na oksidi za naitrojeni kutoka moshi wa injini au hita za gesi na kutoa viambata vya njano. Weka kipande juani siku moja au mbili: unjano wa aina hii hufifia kwenye mwanga, wakati unjano wa plastiki iliyoungua hautoki. Badilisha kizuia oksidisho, au badilisha foklifti iwe ya umeme. La pili mara nyingi ni rahisi kulifikiria kuliko wenye ghala wanavyodhani.

Dalili: uso unakuwa chokaa au unapasuka nje, juani

Pitisha kidole. Unga mweupe ukibaki kidoleni, jaribu kuupangusa uso kwa kitambaa chenye kiyeyushi kinachoyeyusha nta. Ukungu wa kiongezo unayeyuka na kuondoka. Unga wa rangi unabaki unga, na chini yake uso una nyufa. Hapo mwanga umeila plastiki ya juu na kuiacha titani dioksidi, yaani unga wa rangi nyeupe, wazi. Titani yenyewe inaweza kuchochea uharibifu huo ikiwa ni ya aina ya anatasi. Kwa bidhaa za nje, ya aina ya rutili iliyofunikwa ndiyo ya kutumika.

Vidhibiti vya mwanga vya jamii ya HALS huwa vya molekuli ndogo au kubwa. Vidogo vinahama hadi usoni na kujaza pengo, ni vizuri kwa ukuta mnene wenye akiba ndani, lakini kwenye ukuta mwembamba vinaisha mapema. Vikubwa vinakaa vilipowekwa. Kwa hiyo mapishi mengi huchanganya vyote viwili. Ikiwa dozi ni sawa na bado uso unakufa mapema, uliza mapishi yana nini cha asidi. HALS ni besi, na vizuia moto vyenye bromini au klorini hutoa asidi inayovilemaza kabla havijafanya kazi.

Dalili: PVC laini inanata, au inakula plastiki ya jirani

Kilainishi cha PVC, yaani kile kinachoifanya plastiki yenyewe iwe laini na si kile cha kuteleza, kinahama kwenda chochote kinachokubali kukipokea. Waya wa PVC uliolazwa juu ya boksi la polistirini huacha alama iliyoyeyuka. Usisake kasoro kwenye boksi. Tenganisha vitu hivyo kwenye kifungashio, au tumia kilainishi cha polima ambacho hakihami kirahisi.

Muda wa kungoja kabla ya kusema "imepona"

Rekebisho la michirizi, nyuzi au gesi unaweza kulihukumu baada ya vipande kadhaa, mashine ikishatulia. Rekebisho la ukungu huwezi. Tunza vipande vya mapishi ya zamani na mapya pamoja, sehemu moja, vikiwa na tarehe, na uviangalie kwa wiki kadhaa. Ukitaka kuharakisha, usiweke vipande kwenye tanuri la nyuzi 80: kwa joto hilo plastiki inakimeza kiongezo na utaambiwa mapishi mabaya ni mazuri. Tumia nyuzi 40 hadi 50 kwa siku kadhaa, kisha rudisha kwenye baridi, rudia, na ukipangusa tumia kitambaa cheusi kwa bidhaa nyeupe na cheupe kwa bidhaa nyeusi. Maabara yenye kifaa cha kupima uso kwa miale ya infraredi iliyoakisiwa itakuonyesha amidi kabla jicho halijaiona, kwa kuwa kifaa hicho husoma takriban mikromita moja au mbili za juu tu. Peleka kipande ambacho hakijashikwa kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi nayo yataonekana kwenye matokeo.